Hesabu Itokayo Ghalani na Irudi Ghalani

Tumepokea barua ya ndugu mmoja ambaye kazi yake ni kutunza ghala la mahindi la chama cha ushirika. Jina lake na mahali pake hatutayataja, kwa kuwa ndivyo alivyotuomba. Anasema kwamba kwa misimu miwili sasa, kila asubuhi, amekuwa akichoma magunia kwa bambo, akipima unyevu wa punje, akisoma kipimajoto kilichotundikwa ukutani, na kuyaandika yote katika daftari. Kila mwisho wa mwezi huja vijana wenye kompyuta, hulinakili daftari lile, huenda zao. Msimu uliopita, badala ya vijana, ilikuja karatasi yenye mistari mitatu: mahindi ya ghala hilo yamo katika hatari ya sumukuvu, na yasitoke mpaka yakaguliwe. Wakulima wakamjia juu yeye. Alipouliza hatari hiyo imejulikanaje, alijibiwa kwamba kompyuta ndiyo iliyosema. Naye anatuuliza sisi: "Je, hiyo kompyuta imepata kuingia ghalani?"

Twapenda kumjibu ndugu yetu kwa urefu kupita desturi ya ukurasa huu, kwa sababu swali lake si la ghala moja. Siku hizi mashine za kuhesabu zimeingia katika mambo mengi ya maisha yetu. Zinakadiria chakula kitaharibika lini, ugonjwa utaingia wilaya gani, na mnara wa simu usimamishwe kijiji gani. Mara nyingi mtu anayeletewa hukumu hiyo hajui imetoka wapi. Na asiyejua, ama huisujudia hukumu hiyo, ama huitukana. Yote mawili yana hasara.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatari yenyewe si ya kubuni. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota katika mahindi na karanga zilizopata taabu ya ukame shambani, au zilizoanikwa vibaya na kufungiwa mbichi. Haionekani kwa macho, haina harufu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 msiba huo ulibisha hodi hapa kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ukachukua watu wapatao 20. Na mwezi wa Machi 2021 Kenya ilifunga mpaka kwa mahindi ya Tanzania na Uganda. Baada ya siku chache ikafungua, kwa sharti kwamba kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kwa hiyo karatasi ya mistari mitatu yaweza kuokoa watoto wa kijiji kizima, na yaweza pia kumfilisi mkulima asiye na kosa. Kitu chenye nguvu kama hiyo hakifai kuaminiwa kwa kusikia tu.

Sasa, kompyuta hufanya nini? Fundi cherehani mwangalifu, kabla ya kutia mkasi katika kitambaa cha mteja, hukata karatasi kwanza. Karatasi ile si gauni, wala hapana atakayeivaa arusini. Lakini ikikosewa hutupwa, na kitambaa kikasalimika. Wataalamu nao hukata karatasi yao kwa tarakimu. Huandika kanuni inayosema jinsi joto linavyoingia katika chakula, au jinsi mbu anavyozeeka, au jinsi watu wanavyopigiana simu. Hutia humo vipimo vilivyochukuliwa. Kisha hutazama nini kitatokea kabla hakijatokea. Hicho ndicho kielelezo cha hesabu. Kompyuta huzidisha na kujumlisha kwa haraka isiyo na kifani, wala haina habari kama inachozidisha ni magunia au nzige. Kanuni imetoka kwa mtu. Vipimo vimetoka kwa mtu mwingine, ambaye mara nyingi ni mshahara mdogo na daftari.

Jambo linalotushangaza sisi, ambao si wataalamu wa hesabu, ni kwamba kanuni zilizo kiini cha mambo haya ni chache mno. Kanuni moja hutumika katika kiwanda cha samaki wa kopo, katika vita dhidi ya malaria, na katika mitambo ya simu, nayo yaweza kusemwa kwa maneno haya: katika kila kipindi, sehemu ile ile ya waliobaki huondoka. Shuleni tulijifunza ndugu yake kwa jina la riba, tukaimba majedwali yake kwa kuogopa fimbo. Hapana mwalimu aliyetuambia kwamba ndiyo hiyo inayomlinda mla samaki wa kopo.

Na tuanze na hilo kopo. Mfaransa Nicolas Appert alipata tuzo ya serikali ya nchi yake, faranga 12,000, na mwaka 1810 akatoa kitabu cha kueleza jinsi ya kuhifadhi vyakula kwa kuvichemsha katika vyombo vilivyofungwa. Hakujua kwa nini njia yake yafaa, maana elimu ya vijidudu ilikuwa bado. Kwa miaka mia nzima viwanda viliendelea kwa kukisia. Mara nyingine chakula kilisalimika, mara nyingine kopo lilivimba, na mara nyingine lilimwua mlaji bila hata kuvimba. Mwuaji aliyeogopwa kuliko wote ni kijidudu kiitwacho botulinamu, ambacho hustawi pasipo hewa na pasipo uchachu, katika nyama, samaki na maharage. (Nanasi hujilinda lenyewe kwa uchachu wake.) Kijidudu hicho kina mbegu ngumu zisizojali maji yanayochemka. Katika miaka ya 1920 huko Marekani, Bigelow na Ball waliweka hesabu mahali pa kukisia. Iligunduliwa kwamba katika joto la nyuzi 121 za Sentigredi, kila sekunde 13 hivi zinazopita huua mbegu tisa katika kila kumi zilizobaki. Sekunde 13 nyingine, tisa katika kumi za zile zilizobaki. Hazifi zote kwa pamoja, na kwa hesabu hazimaliziki kamwe. Basi ikaamuliwa kwamba kopo lipikwe mpaka tendo hilo lirudiwe mara 12, ili kama kulikuwa na mbegu trilioni moja ibaki moja. Hizo ni dakika mbili na nusu, na kwa desturi huongezwa zikawa tatu. Lakini punguza joto kwa nyuzi 10 tu, ukapike katika nyuzi 111, na muda unaotakiwa huwa mara kumi: dakika 25. Punguza kumi nyingine, na ni zaidi ya saa nne. Mama anayefunga maharage katika chupa na kuyachemsha katika sufuria ya kawaida, akidhani nusu saa yatosha, anashindana na hesabu isiyo na huruma.

Tena joto linalohesabiwa si la mvuke ulio nje, bali la kiini cha kopo, mahali pa mwisho kufikiwa na moto. Mchuzi mwepesi huzunguka ndani ya kopo na kupata joto upesi. Nyama iliyoshindiliwa hupata joto polepole kama ukuta wa udongo. Mwaka 1969 Teixeira na wenzake walitumia kompyuta kufuata joto hilo hatua kwa hatua kutoka ukingoni hadi kiini, wakitafuta njia ya kupika ambayo itaua mbegu bila kuiangamiza vitamini. Mpaka leo, hata hivyo, hesabu hiyo haiendi bila mfanyakazi wa kiwanda kutoboa kopo, kuingiza waya wa kupimia joto katikati yake, na kukaa akitazama. Akiutia waya pembeni badala ya katikati, kompyuta itaonyesha kuwa chakula ni salama, na kitu kitakachojua kwamba si salama ni tumbo la mlaji.

Tuje kwa mbu. Ronald Ross, ambaye mwaka 1897 huko India aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, hakuridhika na darubini. Baada ya kutumwa katika kisiwa cha Mauritius aliandika katika taarifa yake ya mwaka 1908 hesabu yake. Alisema si lazima kumwua kila mbu. Wakipungua chini ya kiasi fulani, ugonjwa wenyewe hufifia, kwa kuwa kila mgonjwa huambukiza chini ya mtu mmoja kabla hajapona. Nusu karne baadaye George Macdonald wa London alipiga hesabu hiyo hatua moja zaidi, akayakusanya katika kitabu chake cha mwaka 1957. Kimelea kikiingia ndani ya mbu huhitaji siku kama kumi au zaidi kukomaa, na mbu akifa kabla ya hapo hana madhara. Chukua basi kanuni yetu. Kama kila siku mbu kumi katika mia hufa, baada ya siku kumi watakuwa wamebaki 35 katika kila mia, nao ni jeshi. Kama kila siku hufa 40 katika mia, baada ya siku hizo kumi watakuwa wamebaki sita tu katika kila elfu. Ongezeko la vifo kwa siku ni mara nne, lakini wazee wenye sumu wamepungua kwa karibu mara sitini. Ndiyo maana dawa ipuliziwayo ukutani, na baadaye chandarua chenye dawa, vinashinda nguvu nyingi zilizotumika bila mpango: vinafupisha umri wa mbu.

Hesabu hiyo ilitia watu moyo, na wengine ikawatia kiburi. Shirika la Afya la Dunia lilianza mwaka 1955 kampeni ya kuifuta malaria duniani, na Afrika yetu kusini ya Sahara, palipo na ugonjwa mwingi kuliko kwingine, ikaachwa nje kwa sehemu kubwa. Kampeni hiyo ikakomeshwa mwaka 1969. Mwaka huo huo shirika lile pamoja na serikali ya Nigeria walianza kazi huko Garki, katika Jimbo la Kano la siku zile. Kwa miaka kadhaa walipulizia dawa nyumba, wakagawa vidonge vijiji vizima, wakapima damu na mbu kwa uangalifu ambao haukuwa umepata kuonekana Afrika. Malaria ilipungua, haikukatika. Sisi twaona kwamba Garki ni heshima kwa elimu ya hesabu, si aibu: vipimo vilichukuliwa papo hapo, kielelezo kikatengenezwa kwa vipimo vya papo hapo, na kikasema ukweli usiopendeza kwamba uambukizo wa mahali pale ulikuwa mkubwa kupita silaha zilizoletwa.

Sasa simu. Mwaka 1908 kampuni ya simu ya Copenhagen, nchini Denmark, ilimwajiri mwalimu mmoja wa hesabu, Agner Krarup Erlang. Inasimuliwa kwamba mwanzoni hakuwa na wasaidizi wa maabara, akaonekana mara nyingi katika mitaa ya mji ule akifuatana na mfanyakazi aliyembebea ngazi, akishuka katika mashimo ya barabarani kupima nyaya kwa mkono wake. Twampenda kwa ngazi hiyo kuliko kwa shahada zake. Swali alilolishughulikia ni hili: mji wahitaji njia ngapi za simu?

Mtu wa haraka hujibu kwa wastani. Ikiwa kila saa watu 100 hupiga simu, na kila mmoja huzungumza kwa dakika tatu, basi jumla ni dakika 300, yaani saa tano za mazungumzo ndani ya saa moja. Kwa wastani njia tano zina kazi. Wekeni tano, kazi imekwisha. Erlang alionyesha kwamba hilo ni kosa. Watu hawapigi simu kwa zamu kama askari wa gwaride; huja kwa bahati, mara kumi pamoja, mara hapana hata mmoja. Naye akachukulia kwamba mazungumzo hukatika kwa kanuni ile ile ya mbu na mbegu: katika kila dakika, sehemu ile ile ya wanaozungumza huaga. Kwa hesabu yake ya mwaka 1917, mji wenye njia tano utawafukuza watu 28 katika kila 100. Weka njia kumi, na watakaokosa ni wawili hivi katika 100.

Na hapa pana jambo ambalo wana ushirika watalipenda. Chukua miji miwili kama huo, kila mmoja na njia zake kumi, kila mmoja ukipoteza simu 18 katika kila 1,000. Sasa ziunganishe njia zao ziwe 20 za pamoja, na watu wote wa miji miwili wazitumie. Hujanunua hata uzi mmoja wa waya. Simu zinazopotea hushuka kutoka 18 mpaka mbili katika 1,000, kwa kuwa wakati mji mmoja una haraka, yamkini mwingine umelala. Twaliandika hili bila kutia chumvi. Ni hesabu tu, na anayetaka aweza kuihakikisha kwa penseli.

Katika siku zetu kazi hizi zimekutana mahali pamoja. Watafiti walichukua kumbukumbu za simu za Zanzibar za miezi mitatu ya mwisho wa mwaka 2008, za watumiaji zaidi ya 770,000, majina yakiwa yameondolewa, wakakadiria nani huvuka kwenda bara, hukaa siku ngapi, na huweza kurudi na malaria kiasi gani. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2009. Mwaka 2012 wengine wakatangaza kazi kama hiyo ya Kenya, wakitumia safari za karibu wenye simu milioni 15, wakaonyesha jinsi vimelea vinavyosafiri ndani ya abiria kutoka ukanda wa Ziwa Viktoria mpaka Nairobi. Mnara uliosimamishwa ili tuulizane bei ya nyanya umegeuka kuwa chombo cha mganga. Twaisifu akili hiyo. Hata hivyo twauliza jambo ambalo watafiti wenyewe nao wameliuliza: mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake ana simu? Watoto ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa malaria, na kielelezo cha simu hakiwaoni. Tena maskini asiye na simu haonekani, na anayeazima simu ya jirani huonekana kuwa jirani. Kadhalika yafaa mwenye simu ajue kwamba safari zake zimehesabiwa, hata kama jina lake limefutwa. Sisi hatuoni aibu kusema kwamba tungependa kuulizwa kwanza.

Hapo ndipo penye jibu la msingi kwa ndugu yetu wa ghala. Kila kielelezo kina jambo lililochukuliwa kuwa kweli kabla ya hesabu kuanza, na jambo hilo hutoka ulimwenguni, si ndani ya kompyuta. Likibadilika, hesabu iliyo sahihi kabisa hutoa jibu la uongo. Kanuni ya Erlang ilizitumikia simu kwa miongo mingi. Kompyuta zilipoanza kupelekeana habari, wahandisi wa maabara ya Bellcore nchini Marekani walizipima habari hizo njiani, na mwaka 1994 wakatangaza kwamba mwendo wake haufanani na mwendo wa mazungumzo ya watu. Hujazana kwa dakika, kwa saa, na hata kwa siku, na mitambo iliyopangwa kwa kanuni ya zamani ingezidiwa. Mbu naye, aliyedhaniwa kufa kwa kiwango kile kile kila siku, mwaka 2007 alionyeshwa kuwa huzeeka kama sisi: watafiti walifuga na kuhesabu vifo vya mbu zaidi ya 100,000 wa jamii inayoeneza homa ya dengi, wakaona wazee hufa upesi kuliko vijana. Na katika Bonde la Kilombero, ambako watu wengi walikuwa wamepata vyandarua, ilitangazwa mwaka 2011 kwamba sehemu kubwa zaidi kuliko zamani ya mbu waliobaki sasa huuma nje ya nyumba, kabla mtu hajaingia kitandani. Habari hiyo ililetwa na watu waliokesha usiku, miguu wazi, wakiwakamata mbu waliowatua, ndani na nje, saa baada ya saa.

Kwa sumukuvu mambo ni hayo hayo. Baada ya kiangazi kikali cha mwaka 2003 kuharibu mahindi ya kaskazini mwa Italia, wataalamu wa huko walitengeneza kielelezo, kilichotangazwa mwaka 2013, kinachofuata joto, mvua na unyevu siku kwa siku na kukadiria hatari ya sumu wakati wa mavuno. Ni kazi njema. Lakini kilijengwa kwa hali ya hewa ya Italia, mbegu za Italia, na mahindi yanayovunwa kwa mashine. Mkulima wa Kongwa huyaacha mahindi yakaukie shambani, huyabeba kwa mkokoteni, huyaanika juu ya udongo au juu ya turubai kama analo, na mvua ya ghafla ikija huyakusanya usiku. Kielelezo cha kigeni hakijui habari ya turubai. Anayetaka kukitumia kwetu hana budi kukipima kwanza kwa maghala yetu na mavuno yetu, tena kwa misimu kadhaa.

Twarudi kwenye karatasi ya mistari mitatu. Hatusemi ilikuwa ya uongo. Yamkini ilikuwa sahihi, na mtunza ghala atakayeidharau karatasi ya namna hiyo kwa hasira aweza kuja kujutia mazishi. Tunachosema ni kwamba karatasi hiyo haikukamilika. Ilipaswa kueleza, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, vipimo gani vilitumika na vya siku gani. Ni jambo gani lilichukuliwa kuwa kweli. Na katika misimu iliyopita, kati ya maghala mia yaliyotiwa hatarini namna hiyo, ni mangapi yaliyopimwa maabara yakakutwa na sumu kweli. Hili la mwisho ndilo kubwa. Kielelezo kisichorudi kujihakikisha ni sawa na mpiga ramli, tofauti ni umeme tu.

Wengine watatuambia kwamba mambo hayo ni mazito kwa mtunza ghala. Sisi tumekwisha kuyaeleza hapa juu ya kopo, mbu na simu, na hatuamini kwamba wasomaji wetu wameshindwa kuyafuata. Mtu anayejua kwamba mahindi yenye unyevu unaozidi 13.5 katika mia hayafungwi katika gunia tayari ana nusu ya elimu hiyo. Amekosa tu mtu wa kumwambia nusu ya pili.

Tena tuseme jambo ambalo halitawafurahisha wenzetu wote. Wapo watunza maghala ambao hawachomi bambo kila siku. Ijumaa jioni hukaa kitako wakaandika tarakimu za juma zima kwa kalamu moja, 13, 13, 13, zikafuatana kama shanga. Tumeyaona madaftari hayo kwa macho yetu. Ubaya huo hatuutetei, maana tarakimu ya uongo ikiingia katika kielelezo haina alama. Huzidishwa pamoja na za kweli, na ghala la jirani aliye mwaminifu laweza kuhukumiwa kwayo. Lakini tuwaulize wakubwa wa kazi hiyo: mtu ambaye kwa misimu miwili amepeleka tarakimu na hajapata kuletewa hata neno moja la shukrani au la maelezo, ataendelea kwa moyo gani? Daftari lililonakiliwa mwisho wa mwezi lirudi na jibu mwanzo wa mwezi unaofuata. Mtunza ghala aone mchoro wa ghala lake mwenyewe, siku ile mvua ilipovuja na unyevu ukapanda, na aseme kama alivyoona ndivyo kompyuta ilivyoona. Huenda anajua kwamba kipimajoto kimetundikwa juu ya dirisha lenye jua. Huenda anajua kwamba magunia ya nyuma, yaliyogusa ukuta, hayajapata kuchomwa kwa sababu hayafikiki.

Sisi waandishi nasi hatumo nje ya lawama. Mara ngapi tumepiga chapa habari kwamba kompyuta imetabiri hiki na kile, bila kuuliza imelishwa nini? Tumefanya hivyo kwa kuwa neno kompyuta hupendeza katika kichwa cha habari.

Kwa swali la ndugu yetu, basi, jibu ni kwamba kompyuta haikuingia ghalani. Kilichoingia ni bambo lake yeye, na kila kilichosemwa na kompyuta kilianza katika mkono wake. Karatasi ile ana haki ya kuiandikia jibu, na chama chake cha ushirika kina wajibu wa kulipeleka jibu hilo mpaka lisomwe.

Chini kabisa ya barua yake, baada ya sahihi, ameongeza mistari miwili kwa wino mwingine. Anasema kwamba kipima unyevu alichopewa hakijapata kulinganishwa na kingine tangu siku kilipotolewa katika sanduku lake, na kwamba mwezi uliopita alipokiazima cha tajiri mmoja anunuaye nafaka, gunia lile lile lilisoma 13 kwa chake na 15 kwa kile cha tajiri. Anataka kujua ni kipi kinachosema kweli, na apeleke wapi chake kikakaguliwe kabla ya mavuno. Tumekwisha kuuliza mahali pawili na bado hatujajibiwa. Msomaji yeyote anayejua ofisi iliyo karibu naye inayofanya kazi hiyo, na malipo yake, atuandikie juma hili.